Marehemu Said Belqola, Mwafrika wa Kwanza Kuamua Fainali ya Kombe la Dunia
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Katibu wetu aliponiandikia barua kuniomba niseme machache juu ya mtu aliyeitumikia Afrika kwa uaminifu, nadhani alitazamia kwamba nitamtaja mbunge au mwalimu. Mimi nimemchagua refa wa mpira. Niwieni radhi, sababu yangu mtaiona, na baadhi yenu mmekwisha kuiona.

Said Belqola alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1956, katika mji wa Tiflet, nchi ya Moroko. Mwezi wa Machi wa mwaka uo huo nchi yake ilikuwa imejipatia uhuru kutoka kwa Wafaransa. Kazi yake ilikuwa ya forodha, naye alikuwa refa juu ya kazi hiyo, kama walivyo marefa wetu ambao ni makarani na waalimu. Mwezi wa Februari, 1998, aliamua fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika huko Ouagadougou, Misri ilipoishinda Afrika Kusini kwa mabao 2 kwa 0. Katikati ya mwaka akaitwa Ufaransa kwa Kombe la Dunia, akaamua michezo miwili, kisha akakabidhiwa ule wa mwisho.

Sasa ifikirini siku ile, tarehe 12 Julai, 1998. Katika uwanja wa Saint-Denis wamejaa watu wapatao 80,000, na wenyeji wanapambana na Brazil, mabingwa wa wakati ule. Katikati amesimama Mwafrika, kwa mara ya kwanza tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1930. Mmoja wa wasaidizi wake, Achmat Salie, ametoka Afrika Kusini. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uhuru amepewa firimbi awaamue waliokuwa wakiitawala nchi yake! Mwenye kinyongo angalilipiza kisasi, na mwenye hofu angalijipendekeza kwa wenyeji.

Belqola hakufanya moja wala jingine. Zidane alipofunga mabao mawili kwa kichwa, aliyakubali, kwa kuwa yalikuwa halali. Katika dakika ya 68, Marcel Desailly, beki wa Ufaransa (naye, tazameni ajabu, ni mzaliwa wa Accra), aliyekwisha kuonyeshwa kadi ya manjano, alimchezea vibaya Mbrazil. Belqola akatoa manjano ya pili, kisha nyekundu. Desailly akatoka nje, na bado dakika zaidi ya ishirini zilisalia. Ufaransa ilishinda kwa mabao 3 kwa 0, lakini kwa ajili ya kadi ile hakuna awezaye kudai kwamba refa aliwabembeleza wenye uwanja.

Alifariki mjini Rabat tarehe 15 Juni, 2002, kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na umri wa miaka 45. Wakati huo Kombe la Dunia lililofuata lilikuwa likichezwa huko Japani na Korea. Hadi fainali ya mwaka 2022 hapakutokea Mwafrika mwingine wa kuishika firimbi ile.

Wazee wangu, yatupasa kuuliza marefa wa namna hii hutoka wapi. Mwaka jana, katika fainali ya vijana wetu, refa alitoa penalti juu ya timu ya nyumbani, nayo ilikuwa penalti ya haki. Watu waliingia uwanjani, wakamrarua shati, akaponea dukani kwa mtu. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele, na haya ninayo hata leo. Zaidi ya hayo, kijana yule alikuwa amelipiwa nauli na timu ya nyumbani. Alipoamua juu yao wakamwambia amekula fedha yao bure. Sisi wenyewe ndio tuliomweka katika hali hiyo. Tangu siku ile hajarudi, wala hakuna kijana aliyejitokeza kushika nafasi yake.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, natoa shauri kwamba tangu mashindano ya mwaka huu nauli na posho ya refa zitoke katika mfuko wa Chama, zisipitie mikononi mwa timu yo yote, na kwamba wazee wawili wasimame kando ya uwanja mpaka refa apande gari. Kwa idhini ya mkutano huu, ningependa kuwa mmoja wa hao wawili. Naomba mtu aliunge mkono shauri hili.