Kumbukumbu ya Makosa: Faragha ya Mwanafunzi wa Lugha Mikononi mwa Programu za Simu



Anayejifunza hesabu hukosea kwenye karatasi, akafuta. Anayejifunza lugha hukosea kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu. Tangu zamani makosa hayo yalisikiwa na mwalimu na wenzake wa darasani, wakacheka kidogo, yakasahauliwa. Sasa yanasikilizwa na programu ya simu, nayo haisahau mpaka iamriwe kusahau. Jioni hii nataka tuulizane kumbukumbu hiyo ya makosa ni mali ya nani, na tuliitoa kwa ridhaa ya namna gani.

Nitaitumia sana Duolingo, programu ya kujifunzia lugha, kama mfano. Sidai kwamba inawazidi wenzake kwa ubaya. Ndiyo iliyoenea zaidi, na mengi kuihusu yako wazi. Ilianzishwa Pittsburgh, Marekani, na Luis von Ahn na Severin Hacker wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2012. Kozi yake ya Kiswahili kwa wajuao Kiingereza ilianza mwaka 2017.

Tuone kwanza inavyofanya kazi. Mwaka 2016 watafiti wawili, Burr Settles na Brendan Meeder, walichapisha makala iliyoeleza jinsi programu inavyoamua neno gani likurudie na lini. Kwa kila neno ulilofundishwa, hutunzwa umelikuta mara ngapi, umelipatia mara ngapi, na muda uliopita tangu ulipolikuta mara ya mwisho. Kutokana na hayo hukadiriwa uwezekano kwamba bado unalikumbuka, na lile linalokaribia kukutoka huletwa tena mbele yako. Pamoja na makala hiyo walitoa hadharani kumbukumbu zipatazo milioni 13 za wanafunzi kukutana na maneno, majina yao yakiwa yamebadilishwa kuwa alama, ili watafiti wengine wazitumie. Mimi ni mwalimu wa lugha, na naiheshimu kazi hiyo. Bila kukumbuka makosa ya mtu huwezi kumpa zoezi linalomfaa yeye. Kwa hiyo siko pamoja na wanaotaka programu zisikusanye chochote. Neno nililolisahau jana linahitajika ili nifundishwe leo. Lakini namba ya utambulisho wa simu yangu, ile ambayo watangazaji huitumia kunifuata kutoka programu moja hadi nyingine, hainifundishi ngeli hata moja.

Tena, kinachokusanywa kinaweza kuvuja. Januari 2023, katika jukwaa la wadukuzi, mtu alitangaza kuuza taarifa za watumiaji milioni 2.6 wa Duolingo kwa dola 1,500. Ilipofika Agosti mwaka huohuo, mkusanyiko ule ulitolewa tena kwa bei isiyofikia hata ya chakula cha mchana. Ndani yake mlikuwa na majina, majina ya akaunti, lugha zinazosomwa, na anwani za barua pepe. Kampuni ilijibu kwamba mifumo yake haikuvunjwa, na kwamba kilichochukuliwa ni taarifa za kurasa za watumiaji zilizokuwa wazi tangu awali. Kwa maana finyu ni kweli. Lakini barua pepe haikuwa wazi. Kulikuwa na mlango wa kompyuta uliofanya kazi kama karani wa mapokezi asiye na siri: ukimtajia anwani ya barua pepe, anakuambia kama mwenye anwani hiyo ana akaunti, kisha anakusomea ukurasa wake. Aliyekuwa na orodha ndefu ya anwani alihitaji tu kuuliza mara nyingi. Hakuna nywila iliyoibwa, ila vitu viwili vilivyokuwa mbalimbali vikaunganishwa, na kuunganishwa huko ndiko kulikoleta madhara.

Mtaniuliza, kuna ubaya gani mtu kujua kwamba ninasoma Kijerumani? Tazameni vijana wetu. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi Septemba 2024, Kijerumani kimekuwa ndoto ya muuguzi na ya fundi. Kiarabu, kwa dada wengi wa pwani na wa bara, ni maandalizi ya kazi za ndani katika nchi za Ghuba. Lugha unayoisoma inaonyesha unakotaka kwenda, na kiwango chako kinaonyesha umebakiza muda gani kabla ya kuondoka. Tapeli anayejifanya wakala wa ajira hahitaji zaidi ya hapo: ana jina, barua pepe, na safari ambayo mwenyewe hujamweleza hata mama yako. Ndiyo maana sikubali taarifa za kujifunza lugha kuitwa taarifa nyepesi.

Sauti ni jambo zito zaidi. Programu inapokuambia "rudia sentensi hii", inachukua kitu ambacho huwezi kukibadilisha kama unavyobadilisha nywila. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 imeutaja waziwazi utambuzi wa sauti katika maelezo yake ya data za kibayometriki, na ilifanya vyema. Tunao mfano wa kukusanya sauti kwa uungwana. Katika mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, wasemaji wa Kiswahili husoma sentensi wakijua tangu mwanzo kwamba rekodi zao zitawekwa hadharani kwa matumizi ya yeyote. Aliyetoa, ametoa akijua.

Hapo ndipo penye kiini cha mhadhara huu. Kijana wa Kahama au wa Kakuma anapakua programu ili ajifunze Kiingereza. Kabla ya somo la kwanza anawekewa masharti ya faragha, kurasa kwa kurasa, kwa Kiingereza cha mawakili, na chini yake kitufe cha kukubali. Anaombwa ridhaa kwa lugha aliyokuja kujifunza kwa sababu haijui. Sheria ya Kenya inataka ridhaa itolewe kwa hiari na kwa kuelewa. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume ya kuisimamia. Mimi si mwanasheria, lakini kama mwalimu nasema kwa uhakika kwamba mtu hawezi kuelewa asichoweza kukisoma. Kampuni inayoweza kutafsiri masomo yake katika lugha kadhaa inaweza kutafsiri pia kurasa za masharti. Tume hiyo ya Tanzania na Kamishna wa Data wa Kenya wana haki ya kulidai hilo, nasi wasomi wa Kiswahili tuwe tayari kusaidia kazi hiyo bila kusukumwa.

Kwa watoto tatizo huongezeka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya faragha ya watoto mtandaoni humlinda aliye chini ya miaka 13, na programu nyingi zimejengwa juu ya mpaka huo. Kwetu, Kenya na Tanzania, mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na Kenya inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla data za mtoto hazijachakatwa. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza mwenye miaka 14 ni mtoto mbele ya sheria yetu, huku programu ikimhesabu kama mtu aliyekwisha kujiamulia.

Katikati ya mtoto na programu anasimama mwalimu. Yeye ndiye anayesema, "Fungueni akaunti, mjiunge na darasa langu." Mei 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni ya Edmodo, iliyokuwa na jukwaa la kufundishia, na faini ya dola milioni 6 ikapendekezwa. Sehemu ya kosa ilikuwa kuwatwika walimu na shule mzigo wa kutafuta ridhaa ya wazazi bila kuwapa maelezo ya kutosha. Mwalimu wa Kiswahili au wa Kiingereza mwenye wanafunzi 70 darasani hapaswi kufanywa wakili wa kampuni asiyelipwa.

Hata sisi chuoni tuna sehemu yetu. Ridhaa ya mwanafunzi mbele ya mhadhiri anayemsahihishia mtihani si ya hiari kamili, hata akisema ndiyo kwa tabasamu. Naiomba Idara yetu iagize, kuanzia muhula ujao, kwamba mhadhiri yeyote anayetumia programu ya nje awaeleze wanafunzi kwa Kiswahili, katika ukurasa mmoja, ni taarifa gani zinachukuliwa, zinakaa wapi, na akaunti inafutwaje kozi ikiisha. Asiyetaka kujiandikisha apewe kazi ileile kwenye karatasi, na asipunguziwe alama hata moja.