Nyumba ya Kale Haitunzwi kwa Kuifanya Mpya



Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Napenda tuipime methali hiyo kwa nyumba moja iliyoko Uingereza, katika kijiji cha Kelmscott, karibu na mto Thames. Ilijengwa na ukoo wa wakulima yapata miaka 400 iliyopita. Mwaka 1871 ilipangwa na William Morris, msanii aliyebuni nakshi za vitambaa na za karatasi za ukutani, na ambaye baadaye alichora herufi za chapa na kupamba kurasa za vitabu. Kiwanda cha uchapaji alichokianzisha London mwaka 1891 alikipa jina la Kelmscott.

Morris baadaye alikuja kuwa mjamaa. Machoni pake, jiwe lililochongwa lilikuwa ushahidi wa jasho la mfanyakazi. Kwa hiyo mwaka 1877 yeye na wenzake waliunda chama cha kulinda majengo ya kale. Zama hizo makanisa mengi ya Uingereza yalikuwa yakikwanguliwa kuta, na kazi ya karne nyingi ikabomolewa, ati yarudi katika hali yake ya asili. Morris aliuita ukarabati huo uharibifu, kwani fundi wa leo hawezi kuurudisha mkono wa fundi aliyekwisha kufa. Alichodai ni matunzo ya kila siku: paa linalovuja lizibwe, ukuta unaoinama uegemezwe.

Paa la Kelmscott lilimfundisha mengi. Limeezekwa kwa vigae vya mawe, vikubwa vikiwa chini, vidogo vikiwa juu, vikipungua safu kwa safu. Ulikuwa ustadi wa mafundi wa kijijini, nao ulimpendeza kupita fahari ya majumba makubwa.

Yupo atakayeuliza: je, tuyaache majengo yaanguke kwa kuogopa kuyagusa? La hasha. Morris alifariki mwaka 1896. Mjane wake, Jane, aliinunua nyumba mwaka 1913, na binti yao May aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1938, akiwa ameiusia Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1962 ilipokabidhiwa kwa Chama cha Wataalamu wa Mambo ya Kale cha London, ilikuwa imechakaa mno, ikabidi ifanyiwe matengenezo makubwa kati ya 1964 na 1967. Baada ya kazi nyingine kubwa ilifunguliwa tena mwaka 2022, ikiwa na jengo jipya la mafunzo kwa wanafunzi.

Ndugu zangu, mapenzi peke yake hayazuii mvua. Hata nyumba ya mtu aliyehubiri matunzo ilichakaa matunzo yalipopungua. Lakini waliokuja kuiokoa hawakuitafutia sura mpya, waliimarisha kilichokuwapo.

Basi, mtumishi anayesimamia jengo la umma asingoje fedha za mradi mkubwa ndipo apande kukagua paa. Mwalimu naye awaongoze wanafunzi wazisome kuta za kale kama wanavyosoma vitabu. Majengo hayo si mali yetu pekee. Ni ya waliokwisha kuyajenga na ya watakaozaliwa. Sisi ni wadhamini tu, na mdhamini hudaiwa hesabu.