Chura Asiyetaga Majini

Msikilizaji, ukifika Amani, kwenye Milima ya Usambara, mulika tochi usiku kando ya kijito. Huenda ukamwona chura wa mitini, rangi ya kijani kibichi, mwenye michirizi myeusi kama ya hina. Wengine wakikua hugeuka kahawia. Ukiwaona pamoja utaapa si ndugu. Ncha pana za vidole vyake hunata kwenye jani hata likilowa umande. Dume ni mdogo, hajazi kiganja. Jike humzidi sana. Na kutaga, basi! Jike hufukia mayai kwenye udongo wenye unyevu karibu na maji, kisha viluwiluwi hujikokota wenyewe hadi kijitoni. Miti ikikatwa, jua huukausha udongo ule, mayai yakiwa bado ndani.