Roboti, matofali na chupa za Tanga

Mwaka 2014 mhandisi Matanya Horowitz, msomi wa roboti kutoka chuo cha Caltech, Marekani, alianzisha kampuni ya AMP Robotics huko Colorado. Roboti zake husimama juu ya mkanda unaosafirisha taka. Kamera hutazama, programu hutambua hii chupa, hili kopo, lile boksi. Kisha mkono unaonyonya kwa hewa hushuka na kunyakua. Vitu 80 hivi kwa dakika!

Lakini roboti hizo huchambua taka zilizokwisha kuletwa kiwandani. Kwenye pwani yetu ya Tanga taka nyingi hazifiki hata dampo.

Mfano wa ubunifu ulio karibu nasi uko Nairobi. Mhandisi Nzambi Matee, mwanzilishi wa Gjenge Makers, alibuni mashine zake mwenyewe: plastiki huchanganywa na mchanga, hupashwa moto, kisha hushindiliwa kuwa matofali ya kutandaza njiani. Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimtuza.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019. Chupa zimebaki, na masika yakianza mitaro huzisukuma baharini, Tanga hadi Pangani. Anayeziokota na kuziuza kwa kilo ndiye mchambuzi tuliye naye leo, tena mikono mitupu.

Halmashauri ya Jiji la Tanga ianze naye: impe glavu, mizani na banda la kuchambulia. Na vijana wa ufundi wambunie mashine ya kushindilia chupa kabla ya kuota roboti.