Mwendo wa Nuru na Mapacha wa Mbita



Mtu asimamaye ufukoni Mbita usiku usio na mbalamwezi huona taa nyingi juu ya maji, hata mgeni hudhani kuna mji mkubwa ng'ambo ya pili. Hizo ni taa za wavuvi wa dagaa, ambao Wajaluo huwaita omena. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi hutumia nguvu za jua. Mashua ikiwa mbali kilomita kumi, nuru ya taa yake hufika ufukoni kwa muda wa sehemu moja tu katika sehemu 30,000 za sekunde. Sauti ya mvuvi apigaye kelele huko, kama ingeweza kufika, ingechukua karibu nusu dakika. Ndiyo sababu umeme wa radi huonekana kwanza, na ngurumo hufuata nyuma.

Nuru huenda karibu kilomita 300,000 kila sekunde. Kitu chenye mwendo huo kingeweza kuizunguka dunia mara saba na nusu kwa sekunde moja, ilhali feri itokayo Mbita kwenda Luanda K'Otieno hukaribia saa nzima. Hata hivyo nuru ya jua huchukua dakika 8 na sekunde 20 kutufikia, kwa jinsi jua lilivyo mbali.

Wanafunzi huuliza mara nyingi: je, mtu akisafiri kwa mwendo huo, atapatwa na nini?

Jibu la kwanza ni kwamba hawezi. Mwaka 1905 Albert Einstein, mtaalamu mzaliwa wa Ujerumani, alionyesha kuwa kitu chochote chenye uzito, kiwe mtu au punje ya vumbi, hakiwezi kuufikia mwendo wa nuru. Kadiri kinavyoukaribia, ndivyo nguvu za kukisukuma zinavyohitajika kuongezeka bila kikomo. Ni mithili ya mpiga makasia ambaye kila akijikaza hukuta mashua imeongezewa shehena. Jambo hili limepimwa. Mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, chini ya ardhi, kuna mtambo wa mviringo wenye urefu wa kilomita 27 unaokimbiza vipande vidogo mno vya atomu viitwavyo protoni. Vimefikishwa mahali ambapo vilipungukiwa na mwendo wa nuru kwa mita tatu hivi tu kila sekunde, yaani mbio za mtu akimbiaye polepole. Mita hizo tatu hazikumalizika, wala hazitamalizika.

Lakini kuukaribia mwendo huo hakukukatazwa, na hapo ndipo penye ajabu. Saa iliyo katika mwendo huenda polepole kuliko saa iliyotulia. Wako watakaosema hii ni hadithi ya kuwaongopea watoto. Basi na waitazame simu ya mvuvi. Simu hujua mahali ilipo kwa kupokea habari za saa kutoka katika satelaiti ziizungukazo dunia, zenye mwendo wa karibu kilomita 4 kila sekunde. Kwa sababu ya mwendo huo, saa za satelaiti huchelewa sehemu 7 katika milioni za sekunde kila siku. Tena, kwa kuwa ziko juu sana, ambako mvuto wa dunia ni mdogo, hutangulia sehemu 45. Ukitoa, hutangulia sehemu 38. Ni muda usiotosha hata kupepesa jicho, lakini katika muda huo nuru imekwisha kwenda kilomita 11.

Kosa la namna hiyo si dogo kwa watu wa ziwani. Maji hayana mawe ya mpaka. Karibu na kisiwa cha Migingo, upande wa Migori, Kenya na Uganda zimebishana juu ya mpaka, na wavuvi wamekamatwa kwa kudaiwa kuuvuka. Kama hesabu ya Einstein isingetiwa katika saa hizo, kosa lingejilimbikiza siku baada ya siku, na simu ingemwambia mvuvi yuko kwao hali yuko ugenini. Kwa hiyo mafundi hutegesha saa hizo ziende polepole kidogo kabla hazijarushwa, ili zikifika juu zilingane na za hapa chini.

Ikiwa mwendo mdogo hivyo wachelewesha saa, mwendo mkubwa utafanya nini? Na ichukuliwe mifano ya ndugu wawili pacha wa Mbita, Opiyo aliyezaliwa kwanza na Odongo aliyemfuata, wote wana miaka 25. Opiyo apewe chombo kiendacho sehemu 99 katika mia za mwendo wa nuru. Chombo hicho hakipo: kile chenye mbio kupita vyote vilivyoundwa na binadamu, kilichopita karibu na jua Desemba 2024, hakikufika hata sehemu moja katika elfu. Lakini Opiyo na aende. Aelekee nyota ya Vega, ile ing'aayo upande wa kaskazini usiku wa mwezi wa Agosti, ambayo nuru yake hutufikia baada ya miaka 25.

Chomboni Opiyo hataona lolote limepungua. Moyo utapiga kama kawaida, ndevu zitaota, njaa itauma kwa wakati wake. Nje ndiko kutakakobadilika. Kama vile mtu akimbiaye katika mvua apigwavyo na matone usoni, ndivyo nuru ya nyota itakavyomjia kutoka mbele, hata nyota za kando zitaonekana zimekusanyika mbele yake. Nazo chembe chache za hewa zilizotawanyika huko angani zitakipiga chombo kama mionzi mikali ya kuua, asipokuwa na kinga nzito.

Akifika Vega ageuze papo hapo, arudi. Atakuwa ametumia miaka 7 na kitu, naye ana umri wa miaka 32. Odongo atakuwa na zaidi ya 75. Mama yao yamkini atakuwa amekwisha kuzikwa. Tena desturi ya Wajaluo ni kwamba ndugu mdogo hajengi boma lake kabla ya mkubwa. Odongo atakuwa amelazimika kuwaendea wazee kuomba njia, au kuzeeka katika boma la baba yake. Na siku ya kurudi, wazee wataamua nani aketi mahali pa mkubwa: aliyezaliwa kwanza, au mwenye mvi.

Na tuseme Opiyo, alipoifikia Vega, aliwasha taa kubwa mno ili nduguye aione. Nuru hiyo itachukua miaka 25 kuja Mbita, nayo itamtangulia Opiyo mwenyewe kidogo tu. Odongo atakuwa amengoja zaidi ya miaka 50 ufukoni, na tangu usiku atakapoiona taa ile, atakuwa na miezi mitatu ya kujitayarisha kumpokea.