Mtoto Asiyeona Ubaoni

Fungueni Marko 10:46-52.

Bartimayo kipofu alipopaza sauti kando ya njia ya Yeriko, wengi walimkemea anyamaze. Lakini Bwana Yesu alisimama, akaagiza aitwe, akamwuliza haja yake.

Katika shule zetu za msingi wamo akina Bartimayo. Yuko asiyeona vizuri ubaoni, naye huitwa mvivu. Yuko asikiaye kwa shida, naye huitwa mkaidi. Yuko ambaye herufi humchanganya, na wenzake humcheka asomapo. Mtoto achekwaye kila siku mwishowe huacha kujaribu, kisha huacha shule.

Fimbo haifungui macho. Hapa Kenya viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na tangu mwaka 1984 viko vituo vya kuwapima watoto wenye shida za kujifunza. Mzazi, usimfiche mtoto wako kwa aibu, mpeleke akapimwe. Mwalimu, mketishe mbele, umwulize kwa upole kama anaona. Nanyi watoto, mwenzenu akikosea kusoma, msimcheke, msaidieni.

Tena angalieni jambo hili: umati ule ule uliomnyamazisha Bartimayo ndio ulioambiwa umwite, nao ukamwita kwa maneno ya kumtia moyo. Basi hata sisi tuliokemea jana, leo twaweza kutumwa kuita.

Na tuombe. Ee Bwana, utupe masikio ya kumsikia mtoto aliyenyamazishwa. Amina.