Mto Usio na Fungu: Mafuriko ya Vijijini na Uwajibikaji wa Fedha za Umma katika Arua na Koboko

Mafuriko ya Arua na Koboko hayafanani na yale ya ziwa linalopanda polepole. Miji hii miwili ya Uganda imekaa juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, karibu na mpaka wa Kongo, ilhali Nile ya Albert iliyo upande wa mashariki, umbali usiofika kilomita mia, iko kwenye mita 620 hivi. Maji ya mvua huteremka karibu mita 600 kabla ya kuifikia Nile. Ndiyo maana mto Enyau, unaopita Arua na ambao kwa miaka mingi umeupa mji huo maji ya bomba, pamoja na Kochi unaoanzia nyanda za Koboko, hujaa kwa saa chache na kupungua kwa saa chache. Asubuhi kijito kinavukika kwa miguu. Jioni, baada ya mvua iliyonyesha kwingine kabisa, kimeondoka na daraja la magogo, kipande cha shamba la muhogo na njia ya kwenda zahanati.

Mwaka 2020 nchi nzima ilishuhudia mafuriko ya aina nyingine. Mwezi Mei kipimo cha Ziwa Victoria huko Jinja kilifika mita 13.42, kikapita alama iliyowekwa mwaka 1964, na Nile ya Albert ikapanda na kukaa juu ya makazi ya Pakwach, Obongi, Moyo na Adjumani kwa miezi. Mafuriko ya namna hiyo huonekana: yana picha, yana watu waliohamishwa, yana idadi ya kaya. Mafuriko ya uwandani hayana picha. Yanakata kivuko kimoja leo na kingine wiki ijayo, na hasara yake huenea kwa mama mjamzito anayezungushwa njia ndefu juu ya bodaboda, kwa mwalimu asiyefika darasani, kwa mfanyabiashara ambaye gunia lake la maharage halikufika soko la Koboko. Hasara iliyotawanyika hivyo haina anayeijumlisha, na kisichojumlishwa hakipewi fungu katika bajeti.

Sababu za mito hii kuwa mikali zinajulikana vizuri. Miti imekatwa kwa miongo mingi ili kukausha tumbaku, kuchoma matofali na kupika. Na tangu kambi ya wakimbizi ya Bidibidi ilipofunguliwa Yumbe mwaka 2016, huku Rhino Camp, Imvepi na Lobule nazo zikipokea watu, mahitaji ya kuni yamepita uwezo wa misitu iliyobaki. Udongo ulio wazi haunywi maji. Hapo huongezeka kasoro ya ujenzi: karavati lenye kipenyo cha milimita 600, lililowekwa pale ambapo bonde linahitaji daraja dogo, huzibwa na magogo na nyasi, maji hutafuta upande mwingine, na tuta la barabara hukatika huku karavati lenyewe likibaki zima katikati ya mto, halifiki ng'ambo yoyote.

Kisheria, wenye wajibu hawakosekani. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 249, ilitaka iundwe tume ya kujiandaa na kukabiliana na maafa. Kazi hiyo imebaki mikononi mwa Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa mwongozo wa Sera ya Taifa ya mwaka 2010, na kila wilaya inapaswa kuwa na kamati yake ya maafa. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu maeneo oevu na kingo za mito zinakataza shughuli ndani ya mita 100 za ukingo wa mito iliyoorodheshwa, Nile ikiwemo, na mita 30 za mito mingine. Vivuko navyo vina wenyewe watatu: barabara kuu zilikuwa za Mamlaka ya Barabara, UNRA, hadi ilipovunjwa na kazi yake kurudishwa wizarani, barabara za wilaya ni za wilaya, na njia za vijijini ni za gombolola, yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya. Mto mmoja unaweza kupita chini ya zote tatu katika mwendo wa nusu saa.

Fedha zina njia mbili. Ya kwanza ni ya dharura. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015, baada ya kurekebishwa, inataka Mfuko wa Dharura ujazwe kila mwaka kwa asilimia 0.5 ya bajeti ya mwaka uliotangulia. Njia hii hutoa unga, maharage, maturubai na mabati. Ya pili ni ya kawaida: ruzuku za barabara, maji na mazingira zinazotoka serikali kuu, kwa kuwa mapato ya ndani ya wilaya kama Koboko ni kidogo mno. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 kila wilaya imetengewa shilingi bilioni moja kwa ajili ya barabara. Kiasi hicho kimesaidia, lakini hugawanywa kwa kilomita za kulimwa na greda, na greda hairekebishi bonde. Barabara iliyochongwa vizuri pande zote mbili za kivuko kilichokatika ni fedha iliyotumika kihalali bila kumvusha mtu.

Kalenda nayo inaumiza, na jambo hili halijadiliwi vya kutosha. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai. Mvua za West Nile, eneo la Arua na Koboko, huanza karibu Aprili na kufikia kilele kati ya Agosti na Oktoba. Fedha za robo ya kwanza hufika wilayani mvua ikiwa imepamba moto, zabuni hutangazwa, kamati ya mikataba hukaa, na mkandarasi akisaini mapema anakuta bonde limejaa. Wakati bora wa kujenga ni kiangazi, Desemba hadi Machi. Zabuni ikichelewa kidogo tu, kazi husukumwa hadi Aprili, zege humwagwa chini ya mvua, na kila mtu hukimbilia tarehe 30 Juni, kwa sababu fedha isiyotumika siku hiyo hurudi Hazina. Afisa aliyesubiri kiangazi ili ajenge vizuri huonekana kwenye taarifa kuwa ameshindwa kutumia fedha. Aliyemwaga zege matopeni huonekana amefaulu. Sheria ya manunuzi inaruhusu ununuzi wa dharura, lakini mafuriko yanayorudi kila mwaka katika mwezi uleule si dharura. Yanapaswa kuwa kwenye mpango wa manunuzi kabla ya Julai.

Hapo ndipo fundo lilipo, na linakazwa na mipaka ya utawala. Wilaya ya Arua ya zamani ilikuwa kubwa. Koboko ilitengwa mwaka 2005, ikafuata Maracha, kisha Madi-Okollo mwaka 2019, halafu Terego na Jiji la Arua mwaka 2020. Kugawanya wilaya kulileta huduma karibu na watu, na si haki kubeza hilo. Lakini kila wilaya mpya ilizaa afisa masuuli mpya, yaani Afisa Tawala Mkuu ambaye peke yake ndiye anayejibu juu ya fedha za wilaya yake, huku mito ikibaki mirefu kama ilivyokuwa. Kochi huanzia Koboko, hupita Yumbe na kushuka Moyo. Miti iliyokatwa juu huleta gharama chini, na hakuna kitabu cha hesabu kinachoweka gharama hiyo karibu na chanzo chake. Koboko ikitumia fedha kupanda miti kingoni, faida kubwa itaonekana Yumbe, na hakuna diwani atakayepigiwa kura kwa karavati lililonusurika wilaya ya jirani. Wizara ya Maji na Mazingira ina kanda ya usimamizi wa maji ya Upper Nile, yenye makao Lira, inayofuata bonde badala ya mpaka. Ina ramani sahihi. Fungu la kujenga vivuko liko kwa wengine.

Ukaguzi hufuata fungu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, aliyewekwa na ibara ya 163 ya Katiba, hupeleka ripoti yake bungeni ifikapo 31 Desemba, na katika kila wilaya kuna kamati ya hesabu za umma inayopaswa kuifanyia kazi. Vocha huangaliwa, saini huangaliwa, cheti cha mhandisi huangaliwa. Ukaguzi wa thamani ya fedha, ule unaouliza kama kazi ilifaa, hufanywa kwa miradi michache. Karavati lililolipwa kwa nyaraka kamili na kusombwa Septemba halitoi hoja yoyote ya ukaguzi. Hurudi tu kwenye bajeti ya mwaka ujao kama kazi mpya, kwa jina lilelile la kijiji. Sehemu ya malipo ya mkandarasi inayozuiwa wakati wa kurekebisha kasoro ingeweza kuwa kinga. Muda huo ukiwa miezi sita na kazi ikipokelewa Oktoba, mkandarasi hulipwa yote kiangazi kikiisha, mto ukiwa haujaijaribu kazi yake hata mara moja.

Wizi wa wazi upo pia. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu alifichua kuwa fedha za mpango wa kuijenga upya Kaskazini mwa Uganda, ambao West Nile ilikuwa ndani yake, zilihamishwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Ireland, mmoja wa wafadhili, ilirudishiwa euro milioni 4, na wafadhili kadhaa walisimamisha misaada. Mwaka 2023 mawaziri watatu walishtakiwa juu ya mabati ya msaada yaliyokusudiwa wakazi wa Karamoja. Kesi hizi zimefundisha kwamba vifaa vya msaada, vinavyogawiwa haraka na kwa orodha, huvuja kirahisi kuliko zege. Hata hivyo, karavati dogo linalojengwa mara tatu kwa risiti halali linaweza kuugharimu umma sawasawa na wizi, na mahakama haina la kuhukumu.

Raia wana chombo kimoja chenye jina la Kiswahili. Tangu mwaka 2009 Ofisi ya Waziri Mkuu imeendesha baraza, mkutano wa gombolola ambapo viongozi husoma fedha zilizopokewa na wananchi huuliza. Baraza hufaulu pale watu wanapokuwa na takwimu zao mkononi. Na takwimu hizo si ngumu kukusanya: mwenyekiti wa kijiji (LC1) anajua kivuko kilikatika siku gani, maji yalifika shina la mwembe upi, kilijengwa lini na nani. Mambo hayo yakiandikwa katika daftari moja kwa kila kivuko, pamoja na bei iliyolipwa kila mara, na daftari likasomwa barazani kabla bajeti haijafungwa, kamati ya hesabu ya Koboko itaweza kukaa meza moja na ya Yumbe kufuata Kochi kutoka kivuko hadi kivuko. Sheria iliyopo haizuii vikao vya pamoja vya namna hiyo. Mto Kaya ni mgumu zaidi, kwa kuwa ukingo wake wa pili uko Kongo na, mbele yake, Sudan Kusini, ambako hakuna kamati ya Uganda inayoweza kuita mtu kujieleza.